Kanda Namba 212

Mlangoni mwa duka la Mzee Kiwelu, pale Kiusa,
niliandika kwa kalamu nene kwenye kipande cha boksi:
RUDISHA KANDA MWANZO. FAINI SHILINGI MIA MBILI.
Mwaka huo nilikuwa kijana wa kukodisha video,
mwenye pamba na spiriti ya kusafishia vichwa vya deki,
najua nani anataka ngumi, nani mapenzi,
nani sinema za Kihindi za kulia kwenye mvua.

Ndeonansia alikuja Jumamosi akitoka kuuza mchele Mbuyuni,
vumbi la pumba bado limemkaa kwenye nyusi.
"Nipe ile ya wanaofukuza upepo."

Mia mbili kumi na mbili. Jalada limepauka kwa jua la dirishani:
gari dogo jekundu, na nyuma yake mkonga mweusi
unashuka toka mbinguni kunusa shamba.
Watu wa humo wakiona kisulisuli hawafungi milango.
Wanawasha gari. Wanakifuata kwa mashine na ramani
na kahawa kwenye chupa,
wanapiga vigelegele kama wamefuata bibi harusi.
Nikamwuliza, mama, uliielewa?
"Hao," akasema, "hawajawahi kununua bati."

Aliileta Jumatatu bila kuirudisha mwanzo.
Akalipa mia mbili, sarafu, bila ubishi.
Jumamosi tena. Jumatatu tena, mia mbili.
Wiki sita. Mzee Kiwelu akacheka: huyu mama anatujengea.

Mimi ndiye niliyeirudisha,
ndipo nikaona inasimama palepale kila mara,
utepe mnene kulia, mwembamba kushoto.
Siku moja mvua ya Aprili imewafukuza wateja
nikaisukuma kwenye deki, nione anapoishia.

Dhoruba imeshapita. Mashujaa wako mbele, wanakumbatiana.
Nyuma yao, pembeni kabisa, karibu na ukingo wa kioo,
mama mmoja mnene, gauni la maua,
asiye na jina hata kwenye orodha ya mwisho,
anatembea uani mwa nyumba isiyo na kichwa.
Anainama. Anaokota mfuniko wa sufuria.
Anaupangusa kwa gauni, anautazama,
anageuka huku na huku kutafuta sufuria yenyewe.
Sekunde nne, labda tano.

Sikumwuliza.
Eliamani, muuza maharage wa meza ya jirani yake, ndiye aliyenidokeza:
Kahe, mwaka juzi, saa kumi jioni,
chamchela, na si kile ambacho watoto hukirushia makaratasi.
Bati lake lilikutwa kwenye jaruba la mtu, limekunjwa kama barua.
Vyombo alivipata vyote. Hata kijiko cha chai.
Akanyamaza, akampimia mteja, akaongeza kiganja.
"Vyombo," akarudia, "vyote."

Wiki ya tisa utepe ulichoka pale alipouchosha.
Iliingia mistari, kisha chenga.
Mashujaa wazima kabisa, meno meupe,
na mama wa mfuniko ananyeshewa chenga mpaka haonekani.
Nikapangusa vichwa, nikapuliza, nikapiga deki kofi.
Bure. Nikaanza kuiogopa Jumamosi.

Ikafika, naye akafika.
Mama, nikamwambia, pale pako pameharibika.
Pana chenga tupu.
Akaipokea kanda, akaipima mkononi
kama anayekisia kilo bila mizani.
"Chenga nazo hupikwa," akasema. "Unapunguza maji tu."
Akahesabu hela ya kukodi,
na juu yake akaweka mia mbili, mapema.