Tupu si Sifuri

Wanaiita uga,
hiyo nafasi niliyoiongeza kwenye tiketi ya hitilafu,
chini ya jina la mtoa taarifa, juu ya kitufe cha kufunga.
Uga kwetu Magu ni pale mbele ya nyumba:
mama aliufagia kuku hawajashuka,
ukabaki na michirizi ya ufagio,
na mguu wa kwanza kuukanyaga ulijulikana ni wa nani.
Huu wangu niliupa jina Siku za Kungoja.
Haujazwi kwa mkono. Unajihesabu.

Leo, toa tarehe ya taarifa.
Basi. Mtoto wa darasa la tatu angeweza.
Niliiandika Ijumaa, ghorofa ya pili, Barabara ya Pamba,
juu ya duka la vipuri vya injini za mitumbwi,
michembe shavuni,
umeme ukikatika mara mbili na mabano yangu
yakibaki wazi kama mdomo wa furu kwenye beseni.

Mfumo ukakataa.
Thamani haipo, ukaandika kwa wekundu,
maana tiketi nyingine hazikuwa na tarehe;
zilipokelewa kwa simu, zikalala kwenye kipande cha boksi,
zikaingizwa baadaye na mtu mwenye haraka.
Nami, mwenye haraka kumshinda, nikaongeza:
kama tarehe ni tupu, basi sifuri.

Wekundu ukafutika. Safu nzima ikanyooka.
Bwana Kishosha akainama kwenye kioo, akasema, safi.
Nikashuka Mwaloni kununua dagaa,
nikapita katikati ya makorongo
nikiwa na uso wa mtu aliyemaliza kazi.

Miezi saba.

Jumanne hii simu ikalia.
"Mwangaluka," akasema mwanamke, taratibu,
kama mtu aliyekwisha kusalimia sana mlango huu.
Nkwimba Lutandula, wa Kome, mwangalizi wa pampu ya zahanati.
Hakugomba. Aliuliza tu kama namba yake bado ipo,
elfu moja mia nne na kumi na tisa,
kwa sababu aliiandika ukutani kwa mkaa
na sasa ukuta unapakwa rangi
na mpaka rangi anamwuliza: nifute?

Nikaitafuta. Ilikuwapo,
chini kabisa, orodha inakowaweka wasiongoja.
Siku za Kungoja: 0.
Sifuri ya mviringo, imenona, imeshiba.

"Tarehe," nikasema, "unaikumbuka?"
"Ipo hapa, kando ya namba."
Ukuta wake ulikuwa na uga
ambao mfumo wangu uliuacha wazi.
Akanisomea. Nikahesabu kwa kalenda ya duka la vipuri,
mwezi kwa mwezi, kwa ncha ya kalamu,
sikuiamini fomula.
Mia mbili na kumi na nne.
Siku mia mbili na kumi na nne ndoo zimetoka ziwani,
zimepenya gugumaji, zimepanda mwamba
hadi chumba cha kujifungulia,
nami kila asubuhi, bila kujua, nimejibu: hakuna.

Mkono mtupu haulambwi, wanasema.
Lakini mkono mtupu ni mkono. Umenyooshwa.
Sifuri ni mtu aliyekuja, akapewa, akaondoka.

Nimeifungua tena fomula.
Kama tarehe ni tupu, isihesabu, isinyamaze pia;
iandike Haijulikani, na ipande juu ya orodha.
Sasa safu imejaa wekundu, tiketi thelathini na moja,
na Bwana Kishosha anauliza nimeharibu nini.

Nimemwambia Nkwimba namba isifutwe.
Fundi Sagali anavuka Alhamisi na kifaa cha pampu,
pantoni ikiwa nzima.
Mpaka rangi, nasikia, amepaka ukuta wote
akauzunguka mkaa ule, ukabaki dirisha dogo jeusi.

Leo asubuhi nimewasha kompyuta:
mia mbili na kumi na tano.
Sikugusa kitu. Ilihesabu nikiwa nimelala.