Swali la Fundi Lifti

Sinema yenyewe ni ghala chini ya duka la viatu,
mtaa wa nyuma, Montevideo, Jumanne ya Julai.
Saa sita kasorobo usiku. Mvua inapiga ubavuni.
Niliingia kwa sababu basi lilinipita
na tiketi ilikuwa bei ya mkate.

Tulikuwa kumi na mmoja. Nilihesabu;
kazi yangu imenizoesha kuhesabu watu:
sita ndio mwisho, wa saba asubiri.
Viti vilitoka kanisa fulani lililofungwa,
vinalia ukikaa, vinalia ukiinuka,
na mbele yangu kijana mwenye skafu
alikwisha kukunja nne, daftari gotini,
tayari kuelewa.

Filamu ikaanza bila muziki.
Mwanamke, karani wa kiwanda cha sufu kilichofilisika,
anafika kazini kila asubuhi
japo hakuna cha kuhesabu.
Anafungua leja. Anafunga leja.
Birika linachemka dakika nne nzima,
nasema nne, nilitazama saa,
mvuke unapanda dirishani
na hakuna afaye, hakuna abusuye.
Nikasinzia. Sioni haya kusema.

Kilichoniamsha ni sauti.
Mama yule alikuwa anarudi kwake, haonekani,
giza tupu, na ndani ya giza
lifti inapanda.
Nikakaa wima.
Naijua sauti hiyo kama daktari ajuavyo kikohozi:
mlango wa kukunja, vyuma vya msalaba,
mota iliyozeeka kabla sijazaliwa,
na pale ghorofa ya tatu, kabla haijatua,
mkwaruzo,
iii-kh,
beringi inayoomba grisi na haipewi.

Taa. Makofi ya watu kumi na mmoja
ni kuku mmoja anayepiga mbawa.
Wakasimama watatu mbele ya pazia:
Anahí Bentancor, mwongozaji, mikono imemezwa
na koti la mumewe, au la babake;
Wilmar wa kamera, ambaye hakunyanyua uso;
na pembeni, karibu na mlango wa choo,
Zulma Techera wa sauti,
anazungusha waya kiganjani kama anayesuka.

Kijana wa skafu akauliza juu ya ukimya, na wakati, na dola.
Swali lake lilikuwa na ngazi nyingi;
tulipanda naye, tukachoka, tukashuka naye.
Anahí akajibu: birika lile lilikuwa kosa.
Wilmar alikwenda kupokea simu, kamera haikuzimwa.
Tukacheka. Kijana akafuta kitu daftarini.

Mkono wangu ukainuka wenyewe, na weusi wake kwenye kucha.
"Ile lifti," nikasema. "Ghorofa ya tatu. Inaumwa."

Zulma akaacha waya.
"Wewe ni nani?"
"Fundi. Miaka ishirini na sita."
"Ni ya kwetu," akasema. "Yaani, ilikuwa.
Jengo wamelibomoa mwezi wa tatu.
Nililala ukumbini siku tatu na maikrofoni
nikiingoja ipande.
Filamu hii tumeizungusha miji saba.
Hakuna aliyeisikia."

"Saa mbili," nikamwambia. "Grisi na saa mbili tu,
ningeinyamazisha kabisa."

"Nashukuru hukufika," akasema.

Tulitoka saa nane, mlango wa bati ukavutwa chini.
Wilmar alikuwa na chupa ya maji moto,
kibuyu cha majani machungu kikazunguka,
mrija mmoja, midomo mitano, mimi na yule kijana tumo.
Tuliongea bei ya nyama. Paa la Anahí linalovuja.
Filamu haikutajwa tena,
ila Zulma, akimimina, aliitoa ile sauti kooni,
iii-kh,
sawasawa, hadi na kutua kwake.

Nilitembea hadi nyumbani, soksi zimelowa.

Leo niko kwa Bi Etcheverry, ghorofa ya tano,
ameita mara tatu: lifti inalia, hapati usingizi.
Kopo la grisi liko wazi gotini.
Nimeipandisha mara moja. Nimeishusha.
Naipandisha tena.