Gari la Vitabu, Inari

Theluji magotini, Aulikki akafungua mlango wa basi.
"Hii usiianze usiku," akanionya,
"mimi niliunguza uji."
Msichana anamficha farasi ghorofa ya tano.
*Ya vijana*, imeandikwa mgongoni.
Mimi nina miaka hamsini na sita, nakata misonobari.

Binti yangu Vilja akachukua nene,
ya mjane anayeushtaki mto.
"Hiyo ya wakubwa," nikasema.
Akanitazama kama aliyekwisha fika ukurasa wa mia.

Wiki mbili mezani hatukusemezana
ila "lete chumvi".

Leo tunarudisha. Aulikki anauliza: vipi?
Vilja hata glavu hajavua:
"Mto mpe baba. Farasi nipe mimi."

Nami naungama:
uji, mara mbili.