Kitabu cha Shilingi Hamsini

Kwa Mzee Chivatsi, kando ya Barabara ya Digo,
nachagua mauti kwa kutazama majalada:
kasisi kisimani, bi harusi chini ya ngazi,
shilingi hamsini, maiti pamoja na muuaji wake.

Nikifika Kibokoni nafunga mlango, nawasha feni.
Fulana imenigandama mgongoni, nami niko Uingereza
natetemeka kwa mvua ya wenyewe.
Kijiji chenyewe nyumba arubaini,
kila mwaka wanauawa watatu
na bado wanashindana kuoka keki!
Inspekta ana talaka mbili, goti bovu na mbwa.
Chai hainywi; huiacha ipoe, akawaza.
Nampigia kelele: si huyo, ni daktari wa mifugo!

Rukiya mwanangu huuliza:
damu yote hiyo ya nini, baba, usiku huu?

Miaka thelathini na mmoja nilikuwa karani mahakamani.
Nimeandika "imeahirishwa" hadi kidole kikaota sugu.
Jalada la Mbwarali, kijana wa Majengo,
nililibeba kwa mahakimu sita
mpaka siku moja halikuonekana kabatini.
Mamake akija kila Jumatatu na kichupa cha maji,
akiketi benchi la nyuma.
Kisha akawa haji.

Basi niacheni nisome.
Ukurasa wa mia tatu na kumi
lazima mtu aseme: ni mimi.

Juzi nilifika hapo, nikakuta mchwa wametangulia.
Nikachukua kalamu niutunge mwisho mwenyewe;
mkono, kwa mazoea, ukaandika: imeahirishwa.