Chekechea ya Maweni, Malindi

Nimeupita mlango huu mara tatu
nikijifanya namtafuta fundi wa redio.
Ndani viti vya watoto, magoti kidevuni,
ukutani a, e, i, o, u kwa chaki ya rangi.

Anayemimina chai ni Mwangolo, mgema,
yuleyule aliyenipimia kwa kata
hadi nikauza baiskeli ya mke wangu.
"Sijapanda mnazi siku arobaini," asema.
"Miguu bado huamka alfajiri, huutafuta."

Hakuna anayecheka.

Kikombe kinanifikia. Mkono watetema,
chai yamwagikia kiti chekundu.
Mwangolo anapangusa kwa shati lake, kimya.

"Naitwa Dzombo," nasema.
Jina tu. Mengine
nimeyabakiza kooni
hadi Alhamisi ijayo.