Mwendo wa Asangalwisye

Alirudi kutoka Joni mwaka ule wa mvua isiyokatika,
akashuka Tukuyu, matope hadi vifundoni,
kofia imelalia jicho la kushoto,
bega moja juu, la pili limeinama kama linasikiliza ardhi,
na mguu wa kulia anauvuta, anautua,
anauvuta, anautua,
kama mtu asiyedaiwa chochote na dunia.

Sisi tulikuwa tumekaa ukutani, dukani kwa Mwakalindile.
Tulitazamana tu.
Jumapili tukaingia kanisani tunachechemea, vijana tisa.

Gwakisa alitushinda wote:
alitia kokoto kiatuni asije akasahau.
Mimi nilifanya mazoezi kwenye chai,
katikati ya mistari, ukungu ukinisitiri,
na jioni mama akanikanda kwa maji ya moto
akidhani nimeteguka.
Mwalimu wa hesabu alipoita majina tuliitika “yebo”,
tukala viboko sita sita, tukavipokea kwa bega moja juu.
Bibi alituanzia ile methali ya tembo,
kicheko kikamzuia kuimaliza.

Kisha nikatumwa kwao kupeleka chumvi.
Nilimkuta uani, kwenye kigoda, bila kofia.
Nusu ya nyusi haikuwepo.
Dada yake Tupokigwe alikuwa akimkanda paja,
paja lililobonyea kama ndizi iliyokanyagwa,
na yeye ameuma kitambaa.
Akanitazama nilivyosimama, nimeegemea hewa,
mguu nimeulaza kwa madaha.
Akatoa kitambaa kinywani.

“Na wewe,” akauliza, taratibu, bila hasira,
“jiwe lilikuangukia shimo namba ngapi?”

Niliiweka chumvi chini.
Njia nzima hadi nyumbani nilijaribu kutembea,
kutembea tu, kama mbuzi, kama mama,
na sikukumbuka mguu upi hutangulia.

Amekufa siku nyingi. Gwakisa naye.
Lakini sokoni Kiwira, siku ya gulio,
ukiona mzee anakuja kati ya mikungu ya ndizi
bega moja juu,
usimwonee huruma haraka. Ni wa rika letu.

Mwezi jana, hospitali ya Igogwe,
daktari kijana alinipapasa nyonga
akaniuliza niliumia lini.
Nikamwambia sijawahi kuumia.
Akaandika kitu kirefu.
Mjukuu wangu Anyitike alikuwa akinisubiri mlangoni,
ana miaka sita,
kofia yangu imemfunika jicho la kushoto.