Kidole Gumba cha Skolastika

Jumanne, Simbo, chikichi zikichemka pipani,
mwiba wa mchikichi ulimwingia mama kwenye kidole gumba
ukakatikia ndani.
Hakulia. Alikitazama kidole
kama mtu aliyeletewa barua ya jirani,
akaendelea kupukuchua.

Kazi yangu ni hadubini, hospitali ya Maweni,
miaka kumi na tisa jicho moja wazi, jingine nusu.
Kwa hiyo najua kilichokuwa kikitendeka
chini ya ngozi ile iliyokolea mawese.

Mwiba haukuja peke yake. Ulibeba udongo,
na udongo ulibeba bakteria,
wamevaa koti la sukari na mafuta
ambalo hakuna seli yetu hata moja inayojua kulishona.
Ndilo lililowaponza: koti.

Maana ndani ya nyama walikuwamo walinzi wakaazi,
seli nene, nzito, zisizosafiri.
Hawakuuliza jina. Hawana daftari la majina.
Wao hupapasa tu,
kama karani wa ushuru pale Kibirizi umeme ukikatika,
anayelijua gunia la dagaa kwa kuligusa
na lisilo la dagaa kwa kuligusa vilevile.
Na seli zilizochanwa na mwiba
zilikuwa zimemwaga matumbo yao:
vitu ambavyo vikiwa ndani ni uhai,
vikiwa nje ni yowe.

Saa haijaisha, mishipa ikalegeza kuta.
Maji ya damu yakapenya, na ndani yake protini
zilizokuwa zikielea kimya tangu alfajiri
zikaanza kuwanata wageni, moja ikiita nyingine,
kama rangi kwenye mti unaosubiri shoka.

Ndipo wakaja vijana. Neutrofili.
Wametoka kwenye uboho wa mifupa, umri wao siku moja, mbili.
Wanabingirika ukutani mwa mshipa, wanashika,
wanajibana, wanapita, wanafuata harufu.
Wanameza.
Asiyeweza kumeza hujipasua
akatandaza nyuzi zake mwenyewe za urithi
ziwe wavu.

Usiku kidole kilikuwa chekundu, cha moto, kinapwita.
Jirani yetu Yustina akasema, kimeharibika hicho.
Nikamwambia, kinafanya kazi.
(Mwiba niliuchomoa kwa sindano iliyochemshwa,
na asubuhi tukaenda zahanati.
Ushujaa nao una kikomo.)

Hapa ndipo hadubini inaponiacha.

Mwaka wa tatu huu mama hanijui.
Ananiita Leonidasi, kaka yake
aliyekwenda kukata mkonge Tanga asirudi.
Ananiuliza treni imeingia saa ngapi.
Mwili wake umemtambua mgeni asiyeonekana kwa macho
kabla maji ya chikichi hayajapoa,
na mimi niliyetoka humo humo mwilini
nasimama mlangoni nikikaribishwa kwa jina la marehemu.

Nilitaka kuwaonea wivu wale bakteria. Upuuzi.
Kinga hii ya kuzaliwa nayo haikumbuki kitu.
Mwiba wa mwakani itaupokea
kama mwiba wa kwanza duniani.
Wenye kumbukumbu wapo, wanaojifunza sura na kuitunza,
lakini wao huja siku ya tano, ya saba,
na madaftari yao, wakikuta karibu kila kitu kimekwisha.

Ijumaa ukatoka usaha.
Nikaupaka kwenye kioo nikaenda nao Maweni.
Walikuwepo, wamelala,
viini vyao vipande vitatu vitatu kama shanga zilizokatika uzi,
na wageni tumboni.
Sikuandika ripoti. Hakuna aliyeiagiza.

Jioni nilipokuwa nikimfunga bandeji
alikishika kiganja changu, akakipapasa
polepole, kama gunia gizani,
kutoka kifundo hadi kucha.

Leonidasi, akasema, hujala wewe.

Na kweli, tangu asubuhi,
sikuwa nimekula.